Eureka Seven imekwisha, kinyongo kimebaki

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza Eureka Seven, sehemu zote 50, ndani ya wiki tatu. Nililia sehemu ya 48, nikalia tena ya 50. Tangu hapo sielewi ninachojisikia. Nikiulizwa kama ni nzuri nasema ndiyo, tena kwa nguvu, halafu hapo hapo naanza kulalamika. Mwisho wake umenifurahisha na umeniachia kinyongo. Wenzangu wanasema nakuza mambo, ni katuni tu ya maroboti na mapenzi. Je, tatizo ni mimi au ni hadithi? Na je, niendelee na ile ya pili, AO?"

Marahaba, mdogo wangu. Hujakuza mambo. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya tamthilia, na vijana ninaowafundisha kuandika hadithi ndefu huwa nawafungulia Eureka Seven kwa sababu mbili zinazogongana. Ya kwanza, ni hadithi ya mapenzi iliyojengwa kwa subira ambayo ni nadra kuiona. Ya pili, imelipa madeni yake karibu yote, ikaliacha moja, na hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Furaha yako inatokana na hayo iliyoyalipa. Kinyongo chako kinatokana na hilo moja. Vyote viwili ni haki yako.

Anayesoma hapa na bado hajaiangalia ajue kwamba nitasimulia hadi mwisho. Kwa kifupi: ni kazi ya studio ya Bones, muongozaji akiwa Tomoki Kyoda na msimamizi wa uandishi Dai Sato, iliyorushwa Japani Jumapili asubuhi kuanzia Aprili 2005 hadi Aprili 2006. Renton Thurston, kijana wa miaka 14, anaishi Bellforest na babu yake Axel, fundi mitambo. Siku moja roboti iitwayo Nirvash inawaangukia nyumbani, anatoka humo msichana mpole asiyecheka, Eureka, na kuomba itengenezwe. Renton anamfuata hadi kwenye Gekko, meli ya angani ya waasi wanaoongozwa na Holland. Baadaye tunajua kuwa Eureka si binadamu. Ametokana na Scub Coral, kiumbe hai kilichoifunika sayari nzima, kilichomtuma aje kuwajua watu.

Sasa nikujibu. Nianze na lililo jepesi, yaani muda. Kijana wa Kijapani aliyeianza hadithi hii Aprili 2005 aliishi na Renton karibu mwaka mzima, kipande kimoja kwa wiki. Watunzi waliupima uchungu wao kwa mwendo huo. Renton anapopigwa na Holland na kuamua kutoroka melini, karibu na sehemu ya 20, mtazamaji wa siku zile alikaa zaidi ya mwezi mmoja bila kujua kama kijana huyu atarudi. Wewe huenda uliyavuka yote hayo kwa usiku mmoja. Kwa hiyo sehemu fulani ya hicho unachokisikia ni ukiwa tu: watu uliokuwa nao kila jioni wameondoka ghafla. Huo utapoa wenyewe. Ukishapoa, utaona kuna kitu kingine chini yake ambacho hakikupoa. Hicho ndicho cha kuzungumza.

Mimi naamini mapenzi ya Renton na Eureka, kama hadithi ya uchumba, yanakwisha sehemu ya 26, katikati kabisa ya safari. Ikumbuke vizuri. Kabla ya hapo Renton yuko kwa Charles na Ray Beams, mume na mke waliomwokota njiani, wakampenda, wakamtaka awaite Baba na Mama. Ndiyo mara ya kwanza tunamwona akila kwa utulivu mezani na watu wazima wanaofurahi kuwa naye. Kisha anagundua kwamba wale wale wamekodiwa kwenda kuishambulia Gekko. Angeweza kubaki. Angeweza pia kuondoka kwa hasira. Anaondoka kwa heshima, akiwa amejua anakokwenda na kwa ajili ya nani. Wanapokutana tena na Eureka, katikati ya mapigano, kila mmoja anasema yale aliyokuwa ameyameza tangu sehemu ya kwanza. Hakuna pembetatu ya mapenzi, wala barua iliyopotea, wala mtu wa tatu wa kuwachonganisha. Kilichowatenganisha kilikuwa woga wa wawili wao, na walipouvuka, wakawa wamoja.

Zimebaki sehemu 24. Za nini? Hapa ndipo watazamaji wengi wanapoanza kuchanganyikiwa bila kujua kwa nini. Kutoka hapo hadithi inaacha uchumba na kuwa hadithi ya nyumba. Kuna watoto watatu ambao Renton hakuwazaa. Kuna jamaa wa meli wanaoingilia kila jambo. Kuna mambo ya zamani ya Eureka yanayobisha hodi, na kijana wa miaka 14 anatakiwa ayabebe. Umezoea hadithi za mapenzi zinazofunga pazia wawili wanapokumbatiana. Hii inafungua pazia la pili, na mtu aliyekuja kutazama uchumba anajikuta akitazama ndoa.

Si mara ya kwanza aina hii ya hadithi kufanya hivyo. Shoji Kawamori, aliyebuni roboti kuu za Eureka Seven, ndiye pia aliyebuni zile ndege zinazogeuka roboti katika Macross ya mwaka 1982. Macross ilikuwa na sehemu 36. Vita kubwa inakwisha sehemu ya 27, kisha zinafuata 9 za maisha ya baada ya vita, watu wakijenga upya miji, na rubani Hikaru akiwa bado hajaamua kati ya Minmay mwimbaji na Misa, afisa aliye juu yake. Hadi leo wapo wanaozichukia hizo 9 na wapo wanaosema ndizo zenye ukweli. Mimi ni wa kundi la pili, na kwa sababu hiyo hiyo nazipenda sehemu 24 za mwisho za Eureka Seven, pamoja na ile ya 39 ya mechi ya mpira wa miguu inayowakera wengi. Hapo ndipo unapoona wanaopendana wanaishije siku isiyo na risasi.

Nikuonyeshe kwa karibu jambo moja ambalo nadhani ndilo lililokushika bila wewe kulitaja. Eureka anamezwa na Scub ndani ya mgodi, na anapookolewa, uso wake umeharibika. Nywele zimekatwa, nyusi hazipo, ngozi ina makovu. Fikiria maana yake kibiashara. Katika kazi za aina hii sura ya msichana ndiyo mtaji. Inawekwa kwenye mabango, kwenye majalada, kwenye wanasesere wa kuuza madukani. Studio nyingi zingemrudishia uso wake kwa dawa fulani ya ajabu kabla ya sehemu inayofuata. Bones walimwacha hivyo, na hawakuwa na haraka. Sehemu ya 26, ile ya kukutana tena, Renton anarudi kwa msichana mwenye uso huo, na kamera haikwepi. Hawamwambii mtazamaji kwa maneno kwamba mapenzi haya si ya sura. Wanampa uso huo autazame kwa majuma kadhaa mpaka auzoee kama Renton alivyouzoea. Ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba subira ni uamuzi wa mwandishi, mfano ninaoutoa ni huo.

Na Holland? Naamini yumo katika malalamiko yako, maana yumo katika ya kila mtu. Mtu mzima anampiga mtoto wa miaka 14 kwa wivu, kwa kuwa Eureka aliyekuwa naye miaka yote anafunguka kwa mgeni. Zaidi ya hapo, kila akimtazama Renton anamkumbuka Diane, dada yake Renton, mwanamke aliyempenda akampoteza. Nilipoiangalia mara ya kwanza nilitamani atoke kwenye hadithi. Lakini angalia jinsi deni lake linavyolipwa. Analipa kidogo kidogo, mbele ya macho yetu. Anaaibika mbele ya mpenzi wake Talho, anaomba radhi kwa vitendo kabla ya maneno, anaanza kumsikiliza kijana aliyempiga, na mwisho anakuwa baba mtarajiwa anayeogopa kama baba yeyote. Huhitaji kumsamehe. Unachohitaji ni kuona kwamba hadithi haikulisahau kosa lake, na kweli haikulisahau.

Sasa nije kwenye lile moja. Eureka alikuwa askari wa kikosi maalumu chini ya Holland. Walitumwa mji wa Ciudades del Cielo, mahali pa waumini wa Vodarac waliokuwa wakiteswa na serikali, na wakaua raia. Miongoni mwa waliouawa kwa mkono wa Eureka ni wazazi wa Maurice, Maeter na Linck. Akawakuta watoto, akawachukua, akaacha jeshi, akawa mama yao. Watoto wanamwita Mama, wanalala kwake, wanamsumbua Renton kama watoto wowote wanavyomsumbua mwanamume anayemchukulia mama yao muda.

Tafakari uzito wa jambo hili. Mtu aliyewafanya yatima ndiye anayewafunika shuka usiku. Mwandishi akishaweka kitu kama hicho mezani, ameahidi kitu. Ameahidi kwamba ipo siku mmoja wa watoto hawa atakuwa mkubwa wa kutosha kuuliza, na Eureka atalazimika kujibu. Hadithi inalisogelea jambo hilo mara kadhaa. Maurice, mkubwa wao, anamwonea Renton wivu mkali na kuogopa kunyang'anywa mama, na katika hofu hiyo unaona kivuli cha swali lile. Renton naye anaujua ukweli, anatetemeka, kisha anaamua kumpenda Eureka pamoja na historia yake. Ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba msamaha ule haukuwa wa Renton kuutoa. Wazazi wake hawakufia Ciudades del Cielo. Waliokuwa na haki ya kusamehe au kukataa ni watoto watatu, na hao hadithi haikuwapa nafasi ya kulimaliza jambo hili na mama yao. Badala yake ikafunikwa kombe.

Halafu tazama mwisho. Dewey, kaka yake Holland na afisa wa jeshi la serikali, amekiharibu kiini kinachoiongoza Scub, na ameweka kifaa kwenye shingo ya Eureka ili akifa yeye, Eureka ashike nafasi ya kiini kile. Eureka anaukubali mzigo huo ili watu waokoke. Renton anakataa kumwachia aubebe peke yake, na ndani ya Nirvash iliyobadilika umbo anamfuata na kumtoa. Nusu ya Scub inaondoka katika ulimwengu huu. Mwezini yanabaki majina yao mawili ndani ya moyo, ili dunia nzima iyaone. Tunaruka mwaka mmoja. Watoto wanalelewa na babu Axel kule Bellforest, na Renton na Eureka hawapo nyumbani.

Umeona? Wapenzi wamepewa mwezi mzima, na watoto wamepewa kungoja. Kwa sikio la mhariri, hapo ndipo kinyongo chako kinapotoka. Hukukosea kufurahi ulipoyaona majina yale, kwa kuwa ahadi ya Renton kwa Eureka imetimizwa hadi tone la mwisho. Na hukukosea kuhisi kuna aliyeachwa nje ya sherehe, kwa kuwa ameachwa kweli. Nadhani sababu ya watunzi ilikuwa ya kimsimamo: tangu dakika ya kwanza tunaiona dunia kwa macho ya Renton, na kwa macho ya kijana aliyependa, kumwokoa mpenzi ndiko kuokoa kila kitu. Naielewa sababu hiyo. Sikubaliani nayo.

Na hii inaeleza kwa nini sehemu ya 48 ilikuliza kabla ya ile ya 50, na pengine kwa kina zaidi. Anemone ni msichana aliyetumiwa na Dewey kama silaha, akachomwa dawa hadi akili ikakaribia kumtoka, huku Dominic, afisa aliyepewa kumwangalia, akimpenda kimya kimya. Katika sehemu ya 48 tunausikia moyo wa Anemone mwenyewe akienda vitani akijua ni kwenda kufa, akiyakumbuka mambo madogo ambayo hakuyafanya na yale ambayo hakumwambia Dominic. Dominic anajirusha angani kumfuata. Roboti nyeusi ya kutisha ya Anemone, theEND, inageuka nyeupe na kufa ikiwakinga. Aliyetendewa ubaya ndiye anayesema, na anasema mpaka anamaliza. Ukitoka hapo ukaingia sehemu ya 50, masikio yako tayari yamefunzwa kungoja sauti ya aliyeumizwa. Maurice, Maeter na Linck hawakupewa sauti ya namna hiyo.

Kuhusu yale maelezo ya kisayansi, kwamba viumbe wenye akili wakizidi kiwango uhai wenyewe unapasuka, usijisumbue. Yanaletwa kwa kuchelewa, yanasemwa kwa haraka na watu waliovaa makoti, na kazi yake ni kuipa Scub sababu ya kulala na kuamka. Ukiyaelewa nusu, yanatosha.

Kwa wenzako wanaosema ni katuni tu, usibishane nao. Wape sehemu ya 22 hadi ya 26 wakae nazo jioni moja.

Sasa AO. Ilitoka mwaka 2012, sehemu 24, na mbili za mwisho zilicheleweshwa hadi Novemba mwaka huo. Mhusika mkuu ni Ao, mtoto wa Eureka na Renton, anayekulia kisiwa kimoja cha Okinawa bila wazazi wake. Ina uchoraji safi na mwanzo mzuri sana. Lakini kwa mtu mwenye kinyongo kama chako, sikushauri kuifungua sasa. Utawakuta wale wawili wametenganishwa, familia imepasuka, na mambo yanayohusu kubadilishwa kwa wakati yamefumwa kwa namna ambayo hata mashabiki wa siku nyingi hawaafikiani juu yake. Haikulipi deni la watoto watatu. Inakuongezea mtoto mwingine anayengoja. Iache ikae hadi utakapoweza kuitazama kama kazi nyingine yenye majina uliyoyazoea.

Filamu ya mwaka 2009 nayo iweke pembeni. Inatumia picha nyingi za zamani kusimulia jambo jingine kabisa, Renton na Eureka wakiwa wamejuana tangu utotoni, na itakuvuruga.

Ninachokushauri ni zile filamu tatu za Hi-Evolution, ya 2017, ya 2018 na ya 2021, zilizoongozwa na Kyoda yule yule. Usizichukue kama mwendelezo, maana haziko katika ulimwengu uleule. Ya kwanza inarudi sana kwa Charles na Ray, na kwa kuwa uliwapenda, utavumilia marudio. Ya pili ni ya Anemone. Ya tatu ndiyo ninayotaka uifikie. Humo Eureka ni mwanamke mzima, amebeba hatia ya yale aliyoyasababisha, na anakabidhiwa kumlinda binti mdogo aitwaye Iris, mwenye uwezo kama aliokuwa nao yeye. Muda mwingi wa filamu ni wawili hao njiani, mtoto mkaidi na mtu mzima asiyejiamini, wakigombana na kuzoeana.

Nilipoiona niliwaza kwamba, miaka 15 baada ya sehemu ya 50, muongozaji yule amerudi kwa Eureka na kumkalisha mbele ya mtoto, hakuna Renton wa kumsamehea. Sijui kama itakutosha. Mimi ilinitosha kwa sehemu kubwa, ingawa bado nawadai watunzi mazungumzo ya Maurice na mama yake.

Usizianze leo. Pumzika kwanza wiki mbili tatu, kisha rudia sehemu ya 1 peke yake, na uone ni kiasi gani Renton anatamani kuikimbia nyumba ile ya Bellforest ambako mwishoni ndiko watoto watatu wanalelewa. Baada ya hapo endelea na filamu kwa mfuatano niliokupa, na ukishaiona ya 2021 niandikie useme kama kinyongo kimepungua au kimeongezeka.